Injini ya kabureta inayotetemeka gari likisimama: tuanze kutafuta chanzo wapi?

Mwanzisha uzi, South B

Hamjambo wanajukwaa. Nina Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K na kabureta ya koo mbili, ambayo ilitumika Mombasa miaka yake yote hadi mjomba aliponiuzia, nami nikaileta Nairobi. Asubuhi, choki ikiwa imevutwa, injini hunguruma vizuri kabisa. Ikishapata moto na choki ikarudishwa, huanza kutetemeka na kukosakosa, na nikiwa kwenye foleni ya kuingia mzunguko wa Nyayo, kioo cha ndani hutikisika hadi sioni gari lililo nyuma yangu. Nikikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, mtetemeko hutoweka na gari huenda vizuri hata Mombasa Road.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote, waya zake na koili, kisha akakaza skrubu ya mwendo kwenye kabureta hadi injini ikawa inazunguka kama mara 1,200 kwa dakika gari likiwa limesimama. Mtetemeko umepungua kidogo, lakini sasa petroli inakwisha upesi na gari hujisukuma lenyewe hata nikiwa nimeondoa mguu. Fundi wa pili alipima kompresheni akapata paundi 128, 130, 108 na 127 kwa inchi mraba, kuanzia silinda ya kwanza hadi ya nne. Akaniambia injini imechoka yote kwa sababu kitabu kinataka zaidi ya 150, na akapendekeza ifunguliwe na kuwekwa pistoni mpya.

Sina uwezo wa kuendelea kununua vipuri kwa kubahatisha. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze nianze wapi, nifuate utaratibu gani, na nitajuaje kwamba nimefika kwenye chanzo chenyewe.

Mchangiaji wa Ngara

Ndugu, umefanya vyema kuandika vipimo vyote vinne vya kompresheni, kwa maana vipimo hivyo vinasema mengi kuliko alivyokuambia fundi wako. Kabla ya yote, tafadhali usikubali injini ifunguliwe kwa sababu ya tarakimu 128 peke yake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo la kama asilimia 82 tu ya lile la pwani, kwa hiyo silinda inapovuta hewa hupata kidogo zaidi ya kugandamiza. Injini inayotoa paundi 155 Mombasa ikiwa nzima itatoa kama 125 hadi 130 hapa, bila kuwa na ubovu wowote. Vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na nimeona injini nyingi nzuri zikipasuliwa mjini humu kwa sababu mtu alisoma geji akasahau mahali aliposimama.

Kwa hiyo silinda yako ya kwanza, ya pili na ya nne ni nzima. Ya tatu ndiyo inayohitaji maswali. Vitabu vingi vya Toyota huruhusu tofauti ya takriban paundi 14 kati ya silinda na silinda, na yako imepitiliza kiwango hicho. Kwanza, lakini, rudia kipimo kwa njia iliyo sawa: injini iwe moto, plagi zote nne ziwe zimetolewa, koili iwe imekatwa umeme, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kuzungusha, kwa sababu kipepeo cha kabureta (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) kikifungwa, hewa haiingii na kila silinda itaonekana dhaifu. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi za pistoni ndizo zinazovujisha. Kikibaki pale pale, hewa inapita kwenye vali au kwenye gasketi ya kichwa.

Sasa kuhusu utaratibu, msimamo wangu ni mmoja, na ninaushikilia kwa dhati: skrubu za kabureta ziguswe mwisho. Kwanza hakikisha injini yenyewe inagandamiza sawasawa na tapeti (mikono inayosukuma vali) zina uwazi unaotakiwa. Pili, hakikisha hakuna hewa ya wizi inayoingia chini ya kabureta. Tatu, kagua cheche na taimingi, yaani wakati cheche inapotokea. Hayo matatu yakiwa sawa ndipo uifikie kabureta. Anayeanza na skrubu anarekebisha kitu kizima ili kifanane na kile kibovu, na akimaliza huwa na makosa mawili badala ya moja.

Hilo ndilo lililokupata kwa skrubu ya mwendo. Kabureta ina matundu madogo sana ukutani, karibu kabisa na ukingo wa kipepeo. Kipepeo kikiwa kimefungwa inavyotakiwa, petroli ya mngurumo wa chini (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) hupita kwenye tundu linalodhibitiwa na skrubu ya mchanganyiko, huku matundu ya juu yakisubiri dereva akanyage. Skrubu ya mwendo ikikazwa mno, kipepeo husogea na kuyafunua matundu yale ya juu, petroli ikaanza kutoka huko, na skrubu ya mchanganyiko ikapoteza nguvu yake. Unaizungusha na hakuna kinachobadilika. Tena kwenye kabureta nyingi, mpira unaopeleka mvuto kwenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) huanzia juu tu ya kipepeo, kwa hiyo kipepeo kilichoinuliwa huanza kuvuta taimingi mbele wakati gari limesimama, na injini huzidi kukimbia. Legeza skrubu hiyo irudi karibu na ilipokuwa, hata kama mtetemeko utaongezeka kwa sasa. Tunahitaji kuuona jinsi ulivyo.

Mchangiaji wa Buruburu

Ninaheshimu maelezo hayo, lakini ninaona tunamzungusha mwenzetu bure. Dalili alizotaja ni za jeti ya mngurumo wa chini, yaani tundu dogo la kupitishia petroli, iliyoziba. Gari linaenda vizuri likikanyagwa kwa sababu jeti kubwa ni safi, linakosakosa likiachwa kwa sababu jeti ndogo ina uchafu, na linatulia choki ikivutwa kwa sababu choki inaongeza petroli inayopungua. Gari lililokaa pwani miaka mingi lina kutu ndani ya tangi, na kutu hiyo imefika kwenye bakuli la floti, lile linaloweka petroli ndani ya kabureta. Zaidi ya hapo, wote tunajua visa vya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili ya kukomesha mchezo huo. Afungue kabureta, aisafishe, abadilishe gasketi zake, na nina imani tatizo litakuwa limekwisha.

Mchangiaji wa Ngara

Ndugu wa Buruburu, hoja yako ina uzito na huenda jeti hiyo imeziba kweli. Nakubaliana nawe pia kwamba choki inapoleta utulivu, injini inatuambia mchanganyiko wake una petroli haba. Lakini petroli inaweza kuwa haba kwa sababu yenyewe haifiki, au kwa sababu hewa imezidi kutoka mahali pasipotakiwa, na dalili za hali hizo mbili hufanana sana kwa dereva aliyeketi kwenye usukani. Kuzitenganisha kunachukua robo saa na hakuhitaji kufungua chochote, ilhali kabureta ikishafunguliwa, kiwango cha floti kinaweza kuhama, chemchemi ndogo inaweza kupotea, na gasketi mpya inayolingana na kabureta hiyo huenda isipatikane siku hiyo hiyo hata ukizunguka Kirinyaga Road nzima.

Tena ipo ile silinda ya tatu. Jeti iliyoziba hunyima silinda zote nne kwa pamoja. Haiwezi kuchagua moja na kushusha kompresheni yake.

Mchangiaji wa Kariobangi

Naomba niongeze kuhusu hewa ya wizi, kwa sababu ndilo jambo ninalokutana nalo zaidi kwenye injini hizi za Toyota na Datsun za zamani. Kati ya kabureta na manifoldi (mabomba yanayogawa mchanganyiko kwa silinda) kuna kipande kinene cha plastiki ngumu, rangi nyeusi au kahawia, kinachozuia joto la manifoldi lisiichemshe petroli iliyo kwenye bakuli. Kipande hicho hupindika au kupata ufa baada ya miaka, hasa mtu akikaza nati za kabureta kwa nguvu upande mmoja. Injini ikiwa baridi ufa huo huwa umejifunga, na joto likipanda hufunguka.

Kagua pia mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya breki. Ubane kwa koleo lenye mdomo laini wakati injini inanguruma. Mtetemeko ukipungua, busta au mpira wake unavuja, na hilo si la injini peke yake bali pia la usalama wa breki zako. Kisha kagua vali ya PCV, ile inayorudisha moshi wa krenkesi (tumbo la injini) kwenye manifoldi. Ivute nje ya mfuniko wa tapeti na uzibe mdomo wake kwa kidole: unapaswa kuhisi mvuto mkali, na injini ishuke mwendo kidogo. Ikiwa imekwama wazi, huo ni mlango mpana wa hewa ya wizi.

Kwa gasketi na kile kipande cha plastiki, chukua kopo la oili lenye mdomo mrefu na udondoshe oili ya injini pole pole kuzunguka maungio, sehemu kwa sehemu, huku injini ikinguruma chini. Oili huziba ufa kwa sekunde chache, na mlio hubadilika papo hapo. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta iliyo kwenye kopo la kupuliza. Inafanya kazi vizuri, ila kwenye manifoldi yenye moto na karibu na waya za plagi inaweza kuwaka, kwa hiyo ipulizwe kidogo kidogo na kizima moto kiwe karibu. Petroli ya chupani isitumike hata kidogo. Nimewahi kuona boneti ikishika moto kwa namna hiyo.

Mahali pa mwisho ni mhimili wa kipepeo. Ushike kwa vidole viwili, uutikise juu na chini. Ukicheza kwa namna unayoweza kuiona kwa macho, tundu lake limeliwa, na hewa inaingia hapo kila wakati. Dawa yake ni kumpelekea fundi wa kukereza chuma aweke bushi za shaba. Hakuna skrubu itakayotibu ugonjwa huo.

Mchangiaji wa Ngara

Maelezo mazuri sana. Niongeze kifaa kimoja ambacho ningependa kila mwenye gari la kabureta awe nacho, nacho ni geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa hewa. Huunganishwa kwenye tundu la manifoldi chini ya kabureta, na bei yake haifiki hata nusu ya ile koili uliyowekewa bila sababu. Vitabu husema injini nzima ikinguruma chini ivute inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hizo pia ni tarakimu za baharini. Ondoa karibu inchi moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko: hapa Nairobi, inchi 12 hadi 16 ni injini yenye afya.

Hata hivyo, jinsi mshale unavyokwenda ni muhimu kuliko tarakimu yenyewe. Mshale uliotulia lakini uko chini, kwa mfano inchi 9 au 10, huashiria hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa. Mshale unaopanda na kushuka pole pole kama unaoelea mara nyingi huonyesha mchanganyiko usio sahihi. Mshale unaodunda kwa mpigo, ukishuka kila baada ya muda ule ule kisha ukarudi, unakuonyesha kwamba silinda moja haitimizi kazi yake kila zamu yake inapofika.

Ifuate hiyo geji kwa jaribio la kuzima silinda moja moja. Gari likiwa limezimwa, toa waya wa plagi ya kwanza, uchomeke plagi ya akiba kwenye waya huo, na uilaze ikigusa chuma cha injini vizuri ili cheche ipate njia; kisha washa na usikilize injini imeshuka mwendo kiasi gani. Zima, rudisha, nenda ya pili, hadi ya nne. Silinda ambayo ukiinyima cheche hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Usivute waya kwa mkono mtupu injini ikiwa inanguruma.

Mwanzisha uzi, South B

Ninawashukuru nyote. Nimetumia Jumamosi yote kufuata mliyoeleza, na haya ndiyo majibu.

Nimelegeza skrubu ya mwendo hadi injini ikafika karibu mizunguko 750, na mtetemeko ukarudi kwa ukali wake wote. Geji ya vakyumu imeonyesha inchi 10, na zaidi ya hayo mshale unadunda kwa mpigo wa kudumu, ukishuka kama inchi 2 na kurudi. Nilipobana mpira wa busta, hakuna kilichobadilika. Vali ya PCV inavuta na injini inashuka mwendo kidogo nikiiziba. Mhimili wa kipepeo hauchezi. Lakini nilipodondosha oili kwenye ukingo wa nyuma wa kile kipande cha plastiki chini ya kabureta, upande unaotazama injini, oili ilinyonywa ndani mbele ya macho yangu, mlio ukatulia, na mshale ukapanda hadi 13. Baada ya sekunde chache ukaanguka tena, na moshi wa bluu ukatoka kwenye ekzosi.

Jambo linalonitatiza ni kwamba hata mshale ulipokuwa kwenye 13, ule mdundo haukuisha. Kwenye jaribio la plagi, silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilishusha mwendo sana. Ya tatu haikubadilisha karibu chochote injini ikiwa moto. Nilirudia asubuhi injini ikiwa baridi, na hiyo ya tatu ikashusha mwendo kama wenzake. Kompresheni ya moto nimeirudia kipepeo kikiwa wazi, nikapata 129, 131, 109 na 128. Baada ya kijiko cha oili, silinda ya tatu imepanda hadi 111 tu.

Mchangiaji wa Ngara

Umefanya kazi ya kupendeza, na majibu yako yamenyooka. Una hitilafu mbili, na ndiyo maana kila aliyejaribu dawa moja alishindwa.

Ya kwanza ni kile kipande cha plastiki. Kibadilishe pamoja na gasketi zake mbili, na kabla ya kufunga, weka rula ya chuma juu ya uso wa chini wa kabureta na uangalie kwenye mwanga kama umepinda. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ukipokezana pembe kwa pembe.

Ya pili ni vali ya silinda ya tatu, na kwa dalili hizi ninashuku ile ya ekzosi. Silinda inayofanya kazi ikiwa baridi na kuacha ikipata moto, ambayo kompresheni yake haipandi kwa oili, karibu kila mara ina tapeti iliyobana. Vali ya ekzosi hupata joto kali, shina lake hurefuka, na ule uwazi mdogo kati ya shina na mkono wa tapeti huwekwa ili urefu huo upate nafasi. Uwazi ukishapotea, vali iliyorefuka haiwezi kukaa vizuri kwenye kiti chake. Hubaki imefunguka kwa unene wa karatasi, gesi ikapenya. Kwa mwendo mkubwa, muda wa gesi kuvuja kila zamu ni mfupi na silinda hujitahidi. Kwa mngurumo wa chini, muda ni mrefu na silinda hupwaya. Hapo ndipo kioo cha dereva wa South B kinapotikisika.

Kwa nini uwazi upotee wenyewe? Wengi hudhani tapeti hulegea tu kadiri injini inavyochakaa, lakini vali za ekzosi za injini za zamani mara nyingi hukaza. Zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine iliacha utando laini juu ya kiti cha vali na kukilinda kisiliwe. Kenya iliachana na petroli ya risasi kuelekea mwanzo wa mwaka 2006. Injini ambayo kiti chake si cha chuma kigumu huliwa pole pole, vali huzama ndani ya kichwa, na kadiri inavyozama ndivyo shina lake linavyosogea juu na kuumaliza uwazi. Ndiyo maana ninasisitiza tapeti zikaguliwe kabla ya jambo jingine lolote. Ni kazi ya nusu saa, na vali iliyoachwa ikivujisha moto huungua ukingo hadi kichwa kikalazimika kuteremshwa.

Kwenye 4K ya tapeti za kurekebisha kwa skrubu, uwazi ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za ekzosi, injini ikiwa moto. Fila geji (bapa jembamba la kupimia uwazi) ya 0.30 inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite huru na isikatae. Shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati yake, kisha pima tena, kwa maana nati huelekea kuizungusha skrubu mwishoni.

Mchangiaji wa Buruburu

Nimefuatilia kwa makini na nimeshawishika kuhusu tapeti. Naomba tusisahau upande wa cheche lakini, kwa sababu gari la pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa) linaweza kupata hitilafu ya tatu wakati tunatibu mbili. Akague pointi: uwazi uwe milimita 0.45, na nyuso zake ziwe safi. Akikuta upande mmoja umeota kichuguu na mwingine una shimo, kondensa haifai. Afungue mfuniko wa distributa atazame kama kuna mstari mwembamba mweusi kati ya vituo vya shaba, maana huo ni ufa unaopitisha cheche. Usiku, kwenye giza, afungue boneti injini ikinguruma. Waya zinazovuja huonekana ziking'aa kwa rangi ya buluu. Na taimingi ipimwe kwa taa yake, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa.

Mchangiaji wa Kariobangi

Naunga mkono. Ongeza na waya mnene wa ardhi unaounganisha injini na bodi. Kwenye magari yaliyokaa pwani, chumvi ya hewani huula waya huo ndani ya ngozi yake, nje ukaonekana mzima.

Mwanzisha uzi, South B

Nimerudi na taarifa. Tapeti ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikataa kabisa fila ya 0.30, ikakataa na ya 0.20, na hata ya 0.10 iliingia kwa kusukumwa. Vali nyingine zilikuwa karibu na kipimo. Nimezirekebisha zote. Kompresheni ya silinda ya tatu, moto, sasa ni 124, na mdundo wa mshale umeisha.

Kile kipande cha plastiki nilipokitoa kilikuwa na ufa mrefu kama kidole, upande ule ule ulionyonya oili, na kingo za ufa huo zilikuwa zimeota masizi. Nimepata kingine kilichotumika huko Grogan, kwenye vipuri, nimekipima kwa rula kabla ya kulipa, na gasketi nimenunua mpya. Pointi zilikuwa na shimo dogo, nimezibadilisha pamoja na kondensa. Taimingi ilikuwa imechelewa, nimeirudisha kwenye alama iliyotajwa kitabuni. Geji sasa inasoma inchi 14 na mshale umetulia. Naomba sasa mnielekeze kuhusu kabureta, kwa sababu nadhani zamu yake imefika.

Mchangiaji wa Ngara

Imefika, na sasa utaona itakavyokutii. Injini iwe moto, choki iwe imefunguka yote, kichujio cha hewa kiwe mahali pake. Tazama kidirisha cha bakuli la floti: petroli iwe usawa wa alama. Ikiwa juu, sindano ya floti inavuja au floti ina petroli ndani, na hapo utaifungua.

Kama iko sawa, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi ikae, bila kuikandamiza kwa sababu ncha yake ni nyembamba na huharibika, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu hivi na uwashe. Igeuze robo kwa robo huku ukitazama geji, hadi mshale ufike juu kabisa na mlio uwe laini. Mwendo ukipanda, ushushe kwa skrubu ya mwendo hadi 750 au 800, urudi kwenye mchanganyiko. Pokezana hivyo hadi kusiwe na nyongeza. Mwisho kaza mchanganyiko kidogo sana, hadi mshale uanze tu kushuka, usimame hapo. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya Mombasa humimina petroli nyingi kupita kiasi hapa juu, kwa hiyo usishangae ukiishia umekaza zaidi ya ilivyokuwa pwani. Ukiona moshi mweusi au masizi makavu kwenye plagi hata baada ya hapo, jeti kubwa nayo ni ya hewa ya baharini na inafaa kupunguzwa namba moja.

Skrubu hiyo isipoleta badiliko lolote, basi dhana ya ndugu wa Buruburu itakuwa ya kweli, na jeti ya mngurumo wa chini itatolewa na kupulizwa kwa hewa. Isichokonolewe kwa waya. Tundu lake likipanuka hata kidogo, kipimo kimepotea.

Mchangiaji wa Kahawa West

Samahani kwa kuingilia. Datsun 1200 pikapu yangu haitetemeki. Inazima kabisa kila ninapoondoa mguu, ila ikikanyagwa inakwenda. Ilianza ghafla, siku moja tu. Je, nifuate njia hiyo hiyo?

Mchangiaji wa Kariobangi

Kwa tatizo lililoanza ghafla namna hiyo, tazama kwanza kama kabureta yako ina vali ya umeme ya kukata mafuta, kidude cha duara chenye waya mmoja. Washa swichi bila kuwasha injini, uchomoe waya huo na kuurudisha. Unapaswa kusikia mlio mfupi wa "tiki". Ukiwa haupo, pima kama umeme unafika. Ukifika na vali ikabaki kimya, vali imekufa na njia ya petroli ya mngurumo wa chini imefungwa. Ikilia, hapo ndipo jeti ndogo iliyoziba inaposhukiwa, na maji au uchafu wa tangi ndio mara nyingi huifikia.

Mwanzisha uzi, South B

Skrubu ya mchanganyiko imetii. Imekaa kwenye karibu mzunguko mmoja na robo tatu, injini iko kwenye 780, na geji inasoma 15 bila kutikisika. Jana jioni nilisimama kwenye foleni ya Uhuru Highway kwa muda mrefu, na niliweza kusoma namba ya gari la nyuma kwenye kioo. Je, kuna jambo nilipaswa kufanya ambalo bado?

Mchangiaji wa Ngara

Liko moja. Andika mahali uwazi wa kila vali ulivyouacha, na baada ya kilomita 1,000 pima tena ekzosi ya silinda ya tatu injini ikiwa moto. Ikiwa bado ni 0.30, ilikuwa imebana kwa kupuuzwa miaka mingi, na kuikagua kila unapobadilisha oili kutatosha. Ikiwa imeshuka hadi 0.20 au chini ya hapo, kiti kinaliwa kwa kasi. Irekebishe uendelee kutumia gari huku ukitafuta pesa za kuteremsha kichwa, na umwambie fundi wa mashine akuwekee kiti kigumu kwenye vali zote nne za ekzosi kwa pamoja, kwa sababu zote zimepitia petroli ile ile. Leta tarakimu hiyo hapa ukishaipata.